Maneno Manane ya Mama Mdogo

Nilipanga chumba cha uani katika nyumba ya Kiswahili iliyobaki imebanwa kati ya maghorofa mawili, pale Kariakoo inapoishia na Gerezani inapoanza. Nilikusudia kukaa miezi miwili. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sijawahi kukaa sana mahali popote: nimeuza spea za pikipiki, nimebeba mizigo stesheni, nimejifunza kutengeneza simu kwa kusimama nyuma ya mafundi na kutazama mpaka wakachoka kunifukuza. Katika nyumba ile nilikaa mwaka na nusu, kwa sababu ya wanawake wawili waliokuwa wakizungumza viganjani.

Walikuwa ndugu wa tumbo moja, watu wa Lindi, na nyumba ilikuwa yao. Wapangaji wote tulimwita mkubwa Mama Mkubwa na mdogo Mama Mdogo, kama wangekuwa dada za mama zetu. Mama Mkubwa alisikia na kuona vizuri, ila alikuwa na presha na miguu iliyovimba. Mama Mdogo alizaliwa kiziwi. Ukubwani macho nayo yakaanza kufa kutokea pembeni, akawa anauona ulimwengu kama anayechungulia kwenye bomba, na bomba likazidi kuwa jembamba mwaka hadi mwaka mpaka likaziba. Hakukanyaga shule hata siku moja. Alama alizozijua walizitunga wenyewe, yeye na dada yake, walipokuwa watoto. Giza lilipoingia walizitoa hewani wakazihamishia mikononi. Mmoja alikunja vidole vya mwenzake, akamgonga kwenye kifundo, akamkuna kwenye kiganja, na mwenzake akacheka mpaka akashika mbavu. Lugha nzima, na wasemaji wake wawili.

Siku ya kwanza nilimsalimia Mama Mdogo kwa sauti, "Shikamoo," kama mjinga. Mama Mkubwa aliniambia niinamishe kichwa. Akauchukua mkono wa mdogo wake akauweka utosini kwangu, na ule mkono ukanipapasa nywele, masikio, kidevu, ukaishia begani na kunipiga kofi dogo. "Hiyo ndiyo marahaba yake," aliniambia. "Na amesema unahitaji kinyozi."

Kazi ya Mama Mdogo ilikuwa kuchambua mchele. Mamalishe wa mitaa ile walimletea, naye aliketi kwenye mkeka ukumbini, ungo mapajani, akitoa chenga na vijiwe kwa vidole. Walisema mchele wake hauvunji jino. Mama Mkubwa alikuwa jikoni uani, na kila baada ya muda alilazimika kujikokota kupitia ukumbini na miguu yake ile kwenda kumwambia mdogo wake kitu kidogo tu, kwamba chakula bado, kwamba kuna mgeni. Siku moja alifika katikati ya njia akashindwa, akakaa chini palepale. Nilimsaidia kuinuka. Aliniambia jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba kwa miaka mingi bila mtu wa kumwambia.

"Siogopi kufa, mwanangu. Ninachowaza ni kimoja. Siku nikifa, nani atamwambia kwamba nimekufa?"

Nilidhani hilo ni tatizo la fundi.

Nilianza kuuliza kwa watu. Nikasikia kuna ofisi ghorofani, si mbali na sisi, inayohudumia wasioona. Nikaenda na Mama Mdogo na dada yake kwa bajaji. Tulioneshwa mashine ndogo, ukubwa wa kiboksi cha kalamu. Unaiunganisha na simu, na maandishi yoyote yanayofika kwenye simu yanainuka juu ya ile mashine kama vipele, nukta nundu, halafu yanazama na mengine yanainuka. Mtu akisema kwa Kiswahili, simu inaandika, mashine inainua vipele, na asiyesikia wala kuona anasoma kwa kidole. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani kuifungua ile mashine nione ndani. Mama Mdogo aliipapasa kwa makini. Alisema na dada yake mkononi, na dada yake akatutafsiria: anauliza mawe haya nani atayatoa.

Dada wa ofisini aliyetuonesha alikuwa mwema. Alieleza kwamba mashine ni ya anayejua kusoma. Kwanza herufi, kabla ya herufi lugha yenyewe, na Mama Mdogo hajawahi kukijua Kiswahili, anajua lugha ya nyumbani kwao tu. Kuna walimu, alisema, lakini wako mkoa mwingine, na mafunzo si ya wiki mbili. Mama Mkubwa alimshukuru, akasema atafikiri. Kwenye bajaji aliniambia kwamba umri wake hautoshi kufikiri jambo refu namna ile.

Nikasema nitatengeneza yangu.

Nilinunua magari mawili ya kuchezea yanayoendeshwa kwa rimoti. Muuzaji alinikumbusha nichukue ya rangi tofauti, maana ya rangi moja yanaingiliana. Nilitoa vyombo vya ndani, nikatupa magurudumu, na mahali pa mota ya gari nikalehemu mota ndogo ile inayofanya simu itetemeke. Cha kwanza nilikifunga kwenye mkanda wa saa, nikamvisha Mama Mdogo kifundoni. Rimoti yake alikaa nayo Mama Mkubwa jikoni, na akibonyeza, mkono wa mdogo wake ulitetemeka ukumbini. Gari la pili lilifanya kazi kinyume, ili Mama Mdogo naye aweze kumwita dada yake. Mama Mkubwa alikitia kile kidude kwenye fundo la kanga kiunoni.

Tukakubaliana maneno manane. Mbonyezo mmoja mrefu: ngoja. Miwili mifupi: njoo. Mitatu: chakula. Mengine yalikuwa mgeni, mvua, dawa, nakuja na acha. Mama Mkubwa alimfundisha kwa kubonyeza huku akimtia alama yenyewe kiganjani, na Mama Mdogo aliyashika yote asubuhi moja. Mchana alikuwa ameshaanza utani. Aliita njoo, dada yake akajikokota mpaka ukumbini, akakuta ananyooshewa kijiwe kimoja cha mchele kama zawadi.

Kwa muda fulani nilikuwa mtu wa maana mtaani. Watu walikuja kutazama. Sikukuu ya Idi jirani mmoja wa ghorofani aliwanunulia watoto wake gari kama lile, la rangi ileile, na mchana kutwa mkono wa Mama Mdogo ulitetemeka hovyo: mvua, chakula, acha, mgeni, mgeni, mgeni. Mwishowe aliacha ungo, akapapasa ukuta mpaka jikoni, akamshika dada yake paji la uso. Mama Mkubwa alicheka machozi yakamtoka. "Anauliza nimerukwa na akili lini."

Ningeandika mpaka hapa tu nikaishia, kingekuwa kisa kizuri.

Nilipomaliza kutatua lile la gari la jirani, nilimwambia Mama Mkubwa kwamba nafasi ipo, tunaweza kuongeza maneno. Alikuwa anakuna nazi. Alinitazama kidogo tu.

"Nimeshajua neno unalolifikiria," alisema. "Hilo si la kubonyeza."

Aliacha mbuzi ya nazi akanieleza. Mama yao alipofariki, aliuchukua mkono wa mdogo wake akauweka kwenye mdomo wa maiti, kisha akamtia alama kiganjani, alama ambayo hawakuwahi kuwa nayo kabla ya siku ile. Mdogo wake akamrudishia alama ileile, mara nyingi, mpaka akaelewa. Neno kama hilo halipigwi kwa kengele kutoka jikoni. Lakini yeye hataweza kujisemea lake mwenyewe, lazima awepo mwingine anayeijua mikono hii. Kaka yao hakujifunza. Majirani wanasalimia wakapita. "Wewe una kichwa chepesi. Kaa hapa kila siku kidogo, nikufundishe."

Nilimwambia sawa. Na nilikaa, siku mbili tatu. Sikuacha kwa uvivu, na hilo ndilo linaloniuma. Niliacha kwa sababu mashine ilikuwa tamu zaidi. Betri ilikuwa nene, nikataka nyembamba. Mkanda ulimkwaruza, nikatafuta wa kitambaa. Nikawa na wazo la mota mbili, moja juu ya kifundo na nyingine chini, ili maneno yafike kumi na sita. Mama Mkubwa alikuwa akiniita, nami nikimjibu nikiwa nimeinamia lehemu: nakuja, mama, nakuja. Mikono ile ilikuwepo siku zote, niliona haina haraka.

Alianguka jikoni asubuhi moja. Tulimbeba wapangaji watatu mpaka kwenye gari, naye alikuwa na fahamu bado ila ulimi umekuwa mzito. Alifungua fundo la kanga kwa vidole vilivyolegea akanipa kile kidude, pamoja na rimoti. Tulipita ukumbini. Mama Mdogo alikuwa kwenye mkeka wake, anachambua, na sisi tumempita karibu kiasi kwamba kanga ya dada yake ilimgusa goti. Akainua uso. Nilibonyeza mara moja, mbonyezo mrefu.

Ngoja.

Akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye mchele.

Hospitali walimlaza. Siku nne nilikwenda na kurudi, na kila niliporudi nilimkuta Mama Mdogo akinisubiri mlangoni, anainusa mikono yangu, maana nilikuwa nimeshika shuka la dada yake. Kila nikiwa nyumbani kile kidude kilitetemeka mfukoni: njoo, njoo. Nami nilijibu: ngoja. Jirani wa kike alikuwa akimlisha na kumwogesha. Siku ya pili nilimwomba daktari ruhusa nimlete, akaruhusu, lakini Mama Mkubwa alikuwa hasemi tena na mikono yake haikujibu, nikaogopa. Nilijiambia atapata nafuu kwanza. Siku ya tano alfajiri alifariki.

Kaka yao alifika kutoka Mbagala. Nilimwita mjomba, kama walivyofanya wengine. Alikuwa ameshapata gari la kuupeleka mwili Lindi siku ileile, akazikwe pembeni ya mama yao, na jua lilikuwa linapanda. Nilimwambia kwamba Mama Mdogo aletwe kwanza, amshike dada yake usoni, kama walivyofanya kwa mama yao.

"Aletwe mochwari? Apige yowe hospitali nzima?" alisema. "Tutamwambia taratibu nikirudi."

"Utamwambiaje, mjomba?"

Alinitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto. "Si wewe ndiye mwenye mashine?"

Gari liliondoka, nami nikarudi Gerezani kwa miguu.

Nyumba ilikuwa imeshajaa. Viti vimetolewa, mikeka imetandikwa, wanawake wamejifunga kanga, sufuria kubwa za watu zimeletwa uani. Mama Mdogo alikuwa amesogezwa pembeni na ungo wake. Alijua kwamba kuna jambo. Sakafu ilimwambia, watu wengi namna ile hawakanyagi kimya. Alipapasa, akakuta kabati halipo mahali pake. Akabonyeza. Kidude kikatetemeka pajani kwangu, nikiwa nimesimama hatua tatu kutoka alipokaa. Wanawake walinitazama. Mmoja aliniuliza kwa upole kama nimeshamwambia. Nikasema kwenye mashine hakuna neno hilo. Akasema basi mwambie angoje, mjomba akirudi tutajua la kufanya.

Nikamwambia angoje. Kwa siku tatu nilimwambia angoje, na aliniamini.

Siku ya tatu ilisomwa hitma. Baada ya dua na chakula watani walipata nafasi yao, kama desturi. Kulikuwa na mama mmoja mnene, muuza viazi vitamu, mtani wa ukoo ule, mtu wa vichekesho. Aliingia chumbani kwa marehemu, akatoka amevaa kanga zake na miwani yake, anajikokota na miguu ya kuvimba, ameshika kiuno vilevile.

"Mnalia nini nyie?" alisema. "Nimekwenda kununua ndimu, nimekuta foleni."

"Na ndimu zenyewe ziko wapi?" aliuliza mmoja.

"Nimemwachia Izraili, amesema supu yake haina ladha."

Wanawake walicheka na kulia kwa pamoja, ndiyo kazi ya mtani. Alizunguka mikeka, akimsimanga huyu kwa kula sana na yule kwa kuja na mikono mitupu, mpaka akapita mbele ya Mama Mdogo. Pindo la kanga likampiga usoni.

Nilimwona akivuta pumzi. Kanga ile ilikuwa na dawa ya kuchua ambayo Mama Mkubwa alijipaka miguuni kila siku, harufu yake iliijaza nyumba nzima alipokuwa hai. Uso wa Mama Mdogo ulifunguka wote. Alilikamata lile pindo kwa mikono miwili, akapanda nalo, kiuno, kiwiko, kifundo, mpaka akaupata mkono. Akaanza kusema. Alisema haraka, vidole vinakimbia kwenye kiganja cha yule mama, siku nane za maneno aliyoyaweka. Wanawake walikuwa bado wanacheka. Mtani hakujua afanye nini, akaendelea kuigiza kidogo, akatikisa kiuno, kisha akanyamaza. Alijaribu kuutoa mkono, akashindwa.

Mama Mdogo aliacha kusema. Akasubiri. Mkono haukumjibu. Akarudia kwa ufupi, akasubiri tena. Kisha akaupima ule mkono, unene wa vidole, kucha, ngozi ya kiganja, akauachia.

Mtani alivua miwani, akakaa chini palepale akilia, akisema sikujua, jamani, sikujua.

Lakini Mama Mdogo alikuwa ameshapiga magoti. Alianza na mwanamke aliyekuwa karibu. Akamshika mkono, akamtia alama moja, fupi, akasubiri, akamwacha. Akaenda kwa wa pili. Aliuzunguka mkeka wote namna hiyo, mkono kwa mkono, wanawake ishirini na zaidi, na hakuna aliyethubutu kumnyima mkono. Alimaliza mkeka wa kwanza, akaenda wa pili. Alipomaliza wote, akaja mlangoni, nilipokuwa nimesimama na rimoti mfukoni.

Alinijua kwa mkono. Hakunitia ile alama fupi, kwangu alikaa. Alisema kwa muda mrefu, polepole, kama anayezungumza na mtu ambaye bado anajifunza. Alikunja vidole vyangu vyote na kuvifungua. Alinigonga kifundoni, palepale ambapo yeye alivaa mkanda wangu, akagonga mara moja, akakikandamiza kwa muda mrefu, akauliza, nadhani aliuliza. Huenda alikuwa anauliza angoje mpaka lini. Huenda alikuwa ananiambia ameshajua, na anataka mtu mmoja tu amrudishie lile neno, kama yeye alivyomrudishia dada yake alipofariki mama yao. Ningekaa na Mama Mkubwa jikoni dakika chache kila siku ningekuwa nalo.

Katika lugha ile yote mimi nilijua maneno matatu: chai, mchele, na kichaa. Mkono wake ulikuwa wazi juu ya wangu, unangoja. Nikamwambia chai.

Aliufungua mkanda mwenyewe, akaukunja vizuri, akanipa, akapapasa ukuta kurudi kwenye mkeka wake.

Mjomba alirudi kutoka Lindi wiki iliyofuata, na baada ya arobaini akamchukua dada yake kwenda naye kijijini kwao Lindi, nyumba akaipangisha yote. Nilimsihi amfikishe kaburini. Alisema atamfikisha, ila udongo ni udongo, atajuaje ni wa nani. Mimi nilihama kabla ya mwezi huo kuisha. Nimekaa Magomeni, nimekaa Msimbazi, sasa nipo hapa nilipo. Kuhusu zile mashine bado nasoma, kila nikipata simu yenye intaneti. Zipo sasa glavu zinazogonga herufi kiganjani, mtu anaandika Ulaya na mwingine anasikia mkononi Asia. Ni kazi nzuri sana za kiufundi. Kila ninayoiona nauliza lile swali la Mama Mkubwa, na sijapata wa kunijibu.

Mwaka huu nilimpigia mjomba simu kumjulia hali. Nikamuuliza Mama Mdogo yukoje. Alisema hajambo, anakula vizuri, hana usumbufu wowote.

"Mwanzoni alikuwa anashikashika watu mikono, mpaka watoto wakawa wanamkimbia," alisema. "Siku hizi ameacha."